Jina Nililoliandika Ukutani

Nakumbuka kosa langu la kwanza katika kazi hii ya vibao, nami nalitaja mapema usije ukanidhania mwenye hekima: nililiandika ukutani jina la mtu aliyeomba asitajwe. Mwanangu, niwie radhi kukuita hivyo. Sijafika arobaini na ndevu zangu bado nyeusi. Lakini umekuja kujifunza kwangu kuandika vibao vya historia, na afadhali uyasikie haya kabla hujashika brashi.

Mimi sikufunzwa na mtu. Nilikulia mtaa wa Buxton, na kila Jumamosi nilishuka Mji wa Kale kwa miguu kusoma vibao vya kando ya njia. Kila nikisoma, roho hainitulii. Hiki kinasema nyumba ni ya kale, hakisemi ni ya nani. Kile kinawataja Wareno na masultani, hakimtaji aliyeponda chokaa. Nikaanza kuandika vyangu, kwanza daftarini, kisha kwenye mbao. Nilikuwa mtu wa kufuta mara sita, na hata leo niko hivyo. Watu wakisifu kibao, mimi naiona herufi moja iliyopinda. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Mimi niliitafuta hiyo ila mpaka nikajichosha.

Basi vijana wa mtaa mmoja wa Kibokoni, mle mle Mji wa Kale, wakaniomba kibao cha kisima chao. Ni kisima cha wakfu, kiko kando ya njia, na mifereji ya majumbani ikikauka watu huteka hapo. Msimamizi wake ni Bi Zuhura, mwanamke mtu mzima, ndiye mwenye ufunguo wa mfuniko. Nilimwendea mara tano. Alinieleza habari za mawe, za kina, za maji yalivyo na chumvi kidogo wakati wa kiangazi. Lakini kila nikimuuliza aliyekichimba ni nani, alinijibu, "Mja wa Mungu."

Mara ya tano sikubanduka. Nilimwambia kibao bila jina ni aibu kwangu, na kwamba sitapata raha.  Mwishowe akanitajia jina la nyanya wa nyanya yake, akaniambia nikiswali nimkumbuke. Mimi nikalidaka jina. Hilo la kuswali likanipita.

Ijumaa asubuhi nikaenda kukifunga kibao. Niliupima ukuta kwa pimamaji, nikaupima tena, mpaka fundi cherehani wa ng'ambo ya njia akaacha kushona anitazame.

"Kaka, wataka kufunga kibao ama kuushonea ukuta nguo?" akaniuliza. "Mimi suruali ya bwana harusi huipima mara moja."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Vijana wakapiga picha wakaituma kwenye kundi la simu la mtaa. Hapo ndipo Bi Zuhura alipotoka nyumbani mwake, jirani na kisima. Akavaa miwani, akasoma polepole, akafika kwenye jina. Hakupaza sauti.

"Nalikupa umuombee, si umtangaze," akasema.

Nikajitetea, Mungu anisamehe. Nilimwambia wasiotajwa husahauliwa, na historia yataka majina.

"Nani aliyemsahau? Watu wateka maji yake kila siku," akajibu. "Alipotoa kisima hiki aliweka sharti moja tu, watu wasimjue. Jina lake hutoka kwa mama kwenda kwa binti, liombewe, basi. Watatu wameishika amana hii, mimi ni wa nne. Na kwangu ndipo imevunjika."

Nilikiondoa kibao papo hapo. Bisibisi ikawa yaniteleza. Fundi cherehani akaja kunishikia ubao, na safari hii hakuwa na mzaha. Vijana wakaifuta picha. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alasiri ile ile mwanamke mmoja aliyekuja na ndoo alimrehemu marehemu kwa jina lake, kwa sauti, kwa nia njema kabisa. Bi Zuhura akageuka akaingia ndani.

Nilirudi kumsalimia kila nilipotoka kazini. Aliitikia salamu, akaendelea na shughuli zake. Nilitamani anitukane. Baada ya wiki nyingi akanikaribisha ndani na kuniuliza kibao kiko wapi, maana vijana bado wakikitaka. Nikampa kalamu na karatasi yenye maandishi ya kibao. Mistari kumi na minne niliyokuwa nimeiandika akaikata, hata neno "mwanamke" akalikata, yakabaki haya: *Kisima cha wakfu. Teka, umuombee aliyekichimba.*

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Hicho ndicho kibao kilichopo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kuuliza si ujinga, uliza sana. Ila ukijibiwa, usikilize umepewa jibu ulifanyie nini. Mtu akikutajia jina la mtu wake amekukabidhi kitu, na si kila kitu ulichokabidhiwa ni chako kukianika. Usidhani pia kwamba pengo daima ni uzembe wa waliotangulia. Yako mapengo waliyoyaacha makusudi, na wakayalinda. Ukipinda herufi utaifuta upake upya. Ukivunja amana ya mtu, huna rangi ya kuifunika.

Mungu akupe subira, akukinge na sifa za haraka, na wazee watakaokufungulia milango yao wasijute kukufungulia.

Mimi bado nafuta mara sita. Lakini siku hizi, kabla sijaandika chochote, humuuliza mwenye habari ni lipi asilotaka liandikwe, na hilo siliandiki.