SMS ya "badirisha mahari" na kaseti ya mwisho ya mama

Salamu wakuu wa jukwaa. Kisa hiki sijakitia chumvi, na mahali nitaonekana mjinga, ni kwa sababu nilikuwa mjinga.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa karani hapa Kitale, nimepanga chumba kimoja upande wa Kipsongo. Nyumbani ni Bungoma.

Mama yangu alikuwa amefariki miezi michache kabla. Mchumba wangu Nekesa naye alikuwa amerudi kwao baada ya wazee wetu kukosana juu ya mahari. Nikitoka kazini Ijumaa, sauti nyingine ya mtu wa kuongea na mimi nilikuwa naisikia Jumatatu.

Kitu nilichobaki nacho ni kaseti. Mama hakujua kuandika, basi alikuwa anajirekodi kwa redio na kunitumia na mtu anayekuja Kitale. Ile ya mwisho redio ilikuwa imeitafuna mara mbili. Nikaamua kuiingiza kwa kompyuta kabla haijakatika.

Kompyuta nilikuwa nimeiunda mwenyewe, vipande vya second hand. Motherboard nilipewa na Wekesa, rafiki yangu wa utotoni, fundi wa kompyuta pale Bungoma town.

Wakuu, ile mashine ilinitesa. Nikiunganisha redio na sound card, ile kadi ya sauti, nianze kurekodi, speaker zinapasuka kama bisi kwa sufuria, halafu screen inaganda. Mara dakika ya pili, mara ya tano. Haina mpangilio.

Nikabadilisha RAM. Nikaformat. Nikaweka power supply nyingine. Wapi! Na kila nikirudia, kaseti inazidi kuchoka.

Nikamwandikia Wekesa SMS ndefu, nikamwaga yote: kuganda, kelele, upweke, hadi mambo ya Nekesa. Akajibu mstari mmoja:

"Shida ni mahari bana. Badirisha mahari, kerere itaisha."

Nilikasirika sana. Yaani nimezika mama, mchumba ameenda, na huyu ananifundisha mambo ya mahari? Alipopiga simu sikushika. Akapiga wiki nzima, kisha akaacha.

Hapo ndipo nilijua upweke, maana huu nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe.

Jumapili moja baada ya kanisa nikajaribu tena. Siku hiyo ilifika dakika ya saba. Katikati ya zile kelele jogoo wetu akawika nyuma ya mama, na mama akasema:

"Mwanangu, kura vizuri. Na usisahau mahari umetoka."

Screen ikaganda.

Na mimi nikaganda. Mama alimaanisha mahali. Na Wekesa pia: nibadilishe mahali kadi imechomekwa! Mimi mwenyewe nilikuwa natamka hivyo, l ikitoka r, hadi makarani wenzangu waliponicheka nikajifunza kunyoosha ulimi.

Nikafungua mashine. Sound card ilikuwa kwa slot, yaani tundu la kuchomekea kadi, iliyobanana na kadi ya picha, zikigombania njia moja. Nikaichomoa, nikaipeleka slot ya mwisho kule chini. Ni hayo tu wakuu.

Kaseti ikaingia yote, upande wa kwanza na wa pili. Nililia, sitawaficha.

Kisha nikampigia Wekesa. Hakuuliza nilikuwa nimepotelea wapi.

"Sasa, uribadirisha mahari?"

"Niribadirisha," nikamjibu, hivyo hivyo na r zake zote. Akacheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya kile chumba tangu mazishi.

Funzo: sound card ikisumbua, ihamishe slot kabla hujanunua kitu. Na neno la rafiki likikuchoma, mpigie umuulize alimaanisha nini.

Sasa semeni nanyi. Kama una sauti ya mtu wako kwa kaseti, iokoe wiki hii, halafu uje utuambie hapa alikuwa anatamka aje.