Soda ya Baba Wangari

Chupa ya soda ikifunguliwa karibu nami, ile pss na harufu ya machungwa yasiyo ya kweli, huwa nageuka kumtafuta baba yangu. Alifariki zamani, lakini masikio yangu bado hayajakubali.

Baba alikuwa fundi wa nguo katika soko la Ruiru, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mara nyingi alijidunga sindano asubuhi, akainamia cherehani, akasahau kula. Basi sukari ilishuka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mikono ikatetemeka, maneno yakaanza kugongana mdomoni. Dawa ya haraka ilikuwa soda, na soko zima lilijua hivyo, kwa sababu Mama Kamau alihakikisha linajua. Aliuza sukuma wiki kwenye kibanda kilichotazamana na chetu, na Mungu alikuwa amempa sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya reli.

"Wangari! Wangari wee! Soda ya baba yako! Mkono imeanza!"

Nilitamani ardhi inimeze. Shuleni waliniita Soda, na walimu wawili walisahau jina langu la kweli.

Ruiru ya siku hizo ilikuwa mji mdogo, na mji mdogo hauna mapazia. Nikianguka hesabu, Mama alikuwa na habari kabla sijavua viatu. Nikivaa soksi iliyotoboka, nilikuwa naulizwa njia nzima kama cherehani ya Baba imeharibika. Mama Kamau alijua hata tulichokula jana, maana ndiye aliyetuuzia, na hakuona sababu ya kukifanya siri. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kwa hiyo Baba alipotuambia tunahamia Githurai 45, kwenye wateja wengi, Mama alifunga vyombo huku akifuta machozi. Mimi niliimba.

Githurai ilinipa kile nilichotaka. Kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga watu walirushiana "sasa" na "poa" ngazini, kisha kila mtu akafunga mlango wake. Hakuna aliyeniita Soda. Nilitembea na soksi zangu zilizotoboka kwa raha zangu. Siwafichi, wiki hizo zilikuwa tamu.

Jumamosi moja asubuhi nilimsindikiza Baba kununua zipu na uzi. Katikati ya soko, mkono wake ukaniponyoka. Nilipogeuka, alikuwa ameketi chini kando ya rundo la viazi, shati limelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu walimzunguka kama wanavyozunguka dimbwi la maji.

"Mapema hivi ameshalewa," alisema mwanamume mmoja, bila ubaya wowote.

Nilikimbilia duka lililokuwa karibu. "Nipatie soda, baba yangu ni mgonjwa!" Mwenye duka alichungulia, akatikisa kichwa. "Mpeleke tu nyumbani alale, mami. Itamtoka."

Nilirudi. Nilishika mashavu ya Baba, na macho yake yalinitazama kama mtoto wa jirani asiyemjua. Nilipiga kelele kwamba hajalewa, kwamba ni sukari, lakini sokoni pale kila mtu alikuwa akipiga kelele. Nilijua kabisa kwamba baba yangu angeweza kufa mbele ya watu wote wale.

Ndipo nikaisikia ile sauti.

"Ngai! Huyo si Baba Wangari?"

Mama Kamau alikuwa amekuja kununua mboga za kwenda kuuza. Aliangusha gunia, akasukuma watu kwa viwiko. "Huyu hakunywangi pombe! Ni sukari imeshuka! Wewe wa duka, usiniangalie hivyo, leta soda!" Soda ikaja mbio. Alimnywesha kidogo kidogo, akimfuta jasho kwa leso yake, akimgombeza muda wote. Baba alipopata fahamu zake vizuri, alimuuliza kama sukuma inauzika siku hizi. Nililia nikiwa nimeshika sketi ya yule mama, na hakunisukuma.

Kufikia jioni Ruiru yote ilikuwa na habari.

Leo naishi mtaa wa Kahawa Sukari, kwenye nyumba nzuri. Majirani nawajua kwa magari yao. Mwezi uliopita daktari aliniambia kwamba nina ugonjwa ule ule wa Baba. Nilikaa sebuleni na vidonge alivyonipa, nikiogopa, na sikuwa nikiogopa vidonge. Niliogopa kuketi chini mahali fulani, watu wanizunguke.

Nikatoka kwenda kwa mama anayeuza mboga nje ya geti. Miaka yote niliyoishi pale nimenunua kwake bila kumwambia zaidi ya habari na asante.

"Mimi naitwa Wangari," nilimwambia. "Niko na sukari. Siku ukiniona natetemeka, ama naongea vibaya, si pombe. Niitishie soda."

Aliacha kukata sukuma. "Haiya! Pole, Wangari. Nimesikia."

Kesho yake asubuhi, nikielekea kazini, mlinzi wa geti, ambaye sikuwa nimemwambia neno, aliinama kwenye dirisha la gari langu.

"Madam," aliniuliza, "lakini umekula?"