Ligi Iliyochorwa kwa Pareto

Enzi zetu ligi ilizinduliwa na watu ambao naweza kuwataja mmoja mmoja hata leo, kwa hiyo acheni niwataje. Alikuwepo Mzee Kibet, fundi viatu, mwenye mpira. Alikuwepo Mama Njoki, muuza mandazi, ambaye alikuwa mgeni wa heshima kwa sababu ndiye aliyekuja na kiti. Alikuwepo Mwalimu Makokha, wa shule moja ya bweni upande wa Njoro, amevaa koti kwenye jua la saa nane. Walikuwepo vijana ishirini na mmoja, maana timu moja ilikuwa na mchezaji aliyetumwa dukani na mama yake asionekane tena. Kati yao alikuwepo mdogo wangu Wekesa, upande wa vifua wazi, na Kipruto, upande wa mashati. Alikuwepo Nanjala, kitinda mimba wetu, kazi yake kuukimbilia mpira ukivuka reli. Na nilikuwepo mimi, msichana wa miaka kumi na sita, filimbi ya plastiki shingoni. Refa nilikuwa mimi.

Waziri hakuwepo, na fataki hazikuwepo. Nayasema haya kwa sababu Jumamosi iliyopita nilionyeshwa jinsi ligi inavyozinduliwa na watu waliostaarabika, nikagundua kwamba yetu haikuwa imezinduliwa kamwe. Ilikuwa imechezwa tu.

Nina hoteli ndogo hapa Nakuru, meza nne na televisheni moja juu ya friji. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya ligi mpya ya kulipwa, na watu walijaa mpaka jikoni. Kwa saa moja na nusu tuliangalia uzinduzi. Mzungumzaji wa kwanza alimkaribisha wa pili ili amkaribishe wa tatu. Jezi zililetwa zimevaliwa na watu warembo ambao ungeona tu kwamba hawajawahi kupiga hata chenga moja. Kisha zikalipuliwa fataki, mchana kweupe, kwa hiyo tulichoona ni moshi. Brayo, kijana wa bodaboda anayekunywa chai yangu akiwa na jezi ya klabu ya Uingereza, aliushangilia ule moshi kwa makofi.

"Sasa hii ndio ligi, wasee," akasema. "Mpaka droni iko."

"Na mpira iko wapi?" akauliza dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri chapati.

"Hiyo ni baadaye, boss. Kwanza watu wajue ligi iko."

Mpira ulipokuja hatimaye, Brayo alichagua timu, akaisifu, akaitukana, akaikana na kuhamia nyingine, yote kabla chai yake haijapoa. Kufikia mapumziko alikuwa ametangaza kwamba ligi imekufa. Ilikuwa na umri wa dakika arobaini na tano. Wengine walikuwa wameinamia simu, wakiwaandikia watu wasiowajua jinsi mechi ilivyo tamu au mbaya, huku mechi yenyewe ikiendelea juu ya vichwa vyao.

Sisi tulipokuwa wadogo tulikuwa tumekosa sana maendeleo. Mpira wetu ulikuwa wa makaratasi ya nailoni na soksi kuukuu, umefungwa kwa kamba ya mkonge, na mvua ikinyesha ulikuwa mzito kiasi kwamba kupiga kichwa lilikuwa jambo la kuombewa kwanza. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya reli, na magoli yalikuwa mawe mawili mawili. Hatukuwa na mtangazaji, kwa hiyo kila mtu alijitangaza mwenyewe huku akikimbia na kutaja jina lake mara tatu kabla ya kupoteza mpira. Mechi kubwa tulizisikiliza kwenye redio ya baba, ambayo betri zake zilianikwa juu ya mabati asubuhi ili zifufuke, na zilikata roho kila mara kona inapopigwa. Tulimaliza mechi hizo wenyewe, kwa mabishano. Watoto wa leo wanacheza kandanda kwa vidole gumba wakiwa wamelala, na hawaumii popote. Ni maendeleo makubwa.

Mpira wa ngozi tuliupata kwa Mzee Kibet, aliyeushona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Sharti lake lilikuwa moja: mpira haulali kwa mtu mwingine. Mkewe akimwita kula, mechi imekwisha, hata kama mtu yuko mbele ya goli peke yake. Mke wa Mzee Kibet aliamua mechi nyingi kuliko refa yeyote, na hakujua hata timu ni ngapi.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha pareto, yale maua yanayosagwa kuwa dawa ya wadudu, mpaka kifua kilipomshinda. Alipofariki, mama alifuata baada ya mwaka. Mimi nikaacha shule nikiwa darasa la saba, si kwa sababu nilikuwa mjinga, ingawa baadhi ya jamaa waliokuja matangani walifarijika kuamini hivyo. Jamaa hao hao walipendekeza tugawanywe, Wekesa aende Kitale, Nanjala aende Kamere kwa shangazi anayekata maua. Nikakataa. Nilisema tutakula pamoja au tutalala njaa pamoja, na wakatupatia nafasi ya kutosha ya kufanya yote mawili.

Nyumbani ugali niliugawa kwa uzi. Nilikuwa nauzungushia uzi wa kushonea na kuvuta, vipande vitatu vinatoka sawa, kisha wadogo wangu wanachagua kabla yangu. Majirani walikuja kutazama. Ndipo Mama Njoki akasema, "Mtoto anayegawa ugali bila kelele kusikika nje, huyo mpeni filimbi." Wakanipa. Walitaka refa asiye na upendeleo, wakaniamini mimi, na kwa msichana aliyekuwa ameachwa na kila mtu jambo hilo lilikuwa tamu kuliko nyama.

Mwalimu Makokha alikuja kwa sababu timu ya shule yake haikuwa na mshambuliaji. Alisema wazi kabla ya mechi, amesimama karibu na kiti cha Mama Njoki: kuna nafasi moja ya kusomea bure, bweni na chakula ndani. Amesikia habari za Kipruto na amesikia habari za Wekesa. Akifunga mmoja wao, atamchukua huyo. Wakifunga wote wawili, atawachukua wote wawili na mwalimu mkuu atajua la kufanya.

Wekesa alikuwa na miaka kumi na minne. Barua yake ya kuitwa sekondari ilikuwa chini ya godoro tangu mwaka uanze, na karo haikuwepo wala haikuwa njiani. Asubuhi ya siku hiyo nilimwona akiitoa, akaisoma tena kana kwamba huenda kuna mahali ameruka, akairudisha.

Mechi ya namna hiyo ilihitaji mistari. Chokaa hatukuwa nayo. Nikakumbuka chini ya kitanda cha wazazi kulikuwa na gunia la unga wa pareto ambao baba aliuleta kwa ajili ya kunguni. Watoto wengine wangefikiria majivu. Sisi tulikuwa watoto wa kiwanda, tulijua zaidi. Tulichora uwanja mzima, mimi, Wekesa na Nanjala, mistari ya manjano iliyofifia, minene, iliyonyooka, na mbele ya kila goli tukaongeza kwa ukarimu.

Dakika kumi hazikwisha kabla upepo haujashuka kutoka Menengai. Mlinda lango mmoja alianza kupiga chafya akashindwa kuacha. Mabeki walikuwa wanalia. Mama Njoki alifunika mandazi kwa leso, lakini hakukuwa na haja, kwa sababu hakuna nzi aliyethubutu kusogea. Siafu, panzi, mende wa nyumba za jirani, wote waliaga dunia alasiri ile. Ligi yetu ndiyo pekee ninayoijua iliyozinduliwa kwa kuua wadudu wa mtaa mzima.

Kipruto alifunga mapema, bao safi ambalo hata mwenye chongo angeliona. Baadaye nikampa Wekesa mpira wa adhabu baada ya kupigwa ngwara, na upande wa mashati ukanigeukia.

"Anapulizia familia!" mmoja akapiga kelele.

"Mpe na ugali kabisa," akasema mwingine, na watu wakacheka.

Mwalimu Makokha hakucheka. Alinitazama tu. Na Mama Njoki pia alinitazama, yule aliyesema nipewe filimbi.

Mwishoni, sauti ya mke wa Mzee Kibet ilikuwa tayari imeanza kusikika kutoka nyumbani. Wekesa alichukua mpira katikati, akampita mmoja, akampita wa pili ambaye alikuwa akijifuta macho, akapiga chini chini. Kipa wa mashati, kijana aliyeitwa Otieno, akauangukia. Vumbi la pareto likapanda. Otieno akaonekana ndani yake ameukumbatia mpira, amelala juu ya mstari, nusu huku, nusu kule.

Wote wakanigeukia. Machozi yalikuwa yananitiririka kama ya kila mtu. Nikapunga mkono: si bao.

"Dada, imeingia," Wekesa akasema. Hakupaza sauti.

"Sijaona."

"Imeingia. Muulize Otieno."

"Cheza mpira, Wekesa."

Mke wa Mzee Kibet akaita mara ya pili, na ligi ikaisha.

Mwalimu Makokha alimshika Kipruto mkono. Kisha akanishika mimi pia, akasema marefa wa aina yangu ni wachache nchini. Mama Njoki akanipa mandazi mawili. Watu walinisifu mpaka nikafika nyumbani. Wekesa alikuwa amefika kabla yangu, ameshachota maji na anamwosha Nanjala macho. Ile barua sikuiona tena. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Salgaa, anabeba magurudumu ya malori kwa fundi wa pancha, na pesa aliyotuma ndiyo iliyomsomesha Nanjala mpaka akawa muuguzi. Kipruto aliumia goti muhula wa kwanza na hakucheza tena, lakini shule hawakumfukuza. Leo ni mwalimu huko Molo, ana miwani na kitambi, na nafurahi kwa ajili yake, ninapojitahidi.

Jumamosi hiyo Wekesa naye alikuwa hotelini. Siku hizi ana banda lake la pancha pale Salgaa, na akija mjini kununua gundi na viraka hunipitia. Alikuwa amekaa kona, kofia magotini, wakati mpira ulipopigwa mbele ya goli na kipa akautoa. Mchezo ukasimamishwa. Refa akakimbia kando ya uwanja kutazama skrini.

"Hapo sasa," Brayo akasema, ligi ikiwa imefufuka. "Hii ligi ni ya maana. VAR inaona mpaka nywele. Nyinyi zamani mlikuwa mnafanyaje, mzee?"

Alikuwa anamuuliza Wekesa.

"Tulikuwa tunamwamini refa," Wekesa akasema.

"Wewe ulikuwa unacheza?"

"Kidogo. Siku moja nilifunga, refa akakataa."

"Marefa wa hii nchi ni wezi," akasema yule dereva. "Alikuwa amekula ngapi?"

"Hakukula kitu," Wekesa akasema. "Hakuona. Kulikuwa na vumbi." Kisha akaniambia, kwa sauti ile ile, "Dada, niongezee chai."

Nikamwongezea. Mkono wangu ulikuwa imara, kama watu wanavyonijua.

Ilinibidi nirudi jikoni, nikasimama karibu na jiko nikisikiliza kelele. Wenzangu wa rika langu, mnaosoma haya na kucheka kuhusu pareto, mnajua kwamba nimewasimulia kisa hiki mara nyingi kwenye harusi na matanga, na kila mara nimekimalizia kwenye vumbi. Nilikuwa nimeona. Jicho langu la kushoto lilikuwa wazi, na mpira ulikuwa umeupita ule mstari wote, ungeweza kuweka kiatu katikati. Nilipofushwa na macho ya watu zaidi kuliko na pareto. Nilitaka waendelee kusema kwamba mimi sipendelei, na nikamnunulia jina hilo mtu mmoja, mimi, kwa shule ya mwingine.

Kwenye televisheni refa alirudi uwanjani, akachora mraba hewani kwa vidole viwili, akaonyesha katikati. Bao. Ilimchukua dakika mbili kusema mbele ya nchi nzima kwamba alikosea, na hakuna aliyemwona mdogo. Enzi zetu marefa tulikuwa imara zaidi, hatukubadilisha maamuzi.

Wekesa alimaliza chai, akavaa kofia, akaniaga vizuri, akaondoka kabla ya giza ili apate gari la Salgaa. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Tulizungumza juu ya mvua, na juu ya mtoto wa Nanjala. Bao lake bado niko nalo.