Samaki wa Silanga Yetu

Kwetu sisi wafugaji samaki haliwi. Nyanya yangu alimwita nyoka wa maji, na hata leo, vijana wetu wanapojinunulia wa kukaanga pale sokoni Noonkopir bila haya, mimi nikimwona navuka barabara. Kwa hiyo jirani alipoingia bomani kwangu, nje kidogo ya Kitengela, akiwa na ndoo ya samaki wadogo walio hai, nilijua ana lake jambo.

Alikuwa mama mmoja kutoka Central, mhudumu wa afya wa kujitolea, aliyenunua ploti inayopakana na silanga yetu, bwawa nililochimba mwenyewe kukinga maji ya mvua kwa ajili ya ng'ombe.

“Jirani, hizi si za kula,” alisema. “Zinakulanga watoto wa mbu kwa maji. Mama hapa ako na mimba. Tukimaliza mbu, tumepunguza malaria.”

Mke wangu alikubali kabla sijafungua mdomo. Mwaka uliotangulia malaria ilikuwa imemharibia mimba ya miezi mitano, na hii aliilinda kama yai. Mimi pia nilimtaka mtoto huyo, Mungu anajua. Lakini nimeona ardhi ya Kajiado ikiyeyuka. Mgeni huanza na salamu, kisha fensi, kisha karatasi za korti. Samaki wake wakiwa ndani ya maji yangu, kesho si atasema silanga ni mradi wake? Simba mwenda pole ndiye mla nyama, nikajiambia.

Nikaanza kumchunga. Akija kuchungulia maji, natazama anakanyaga upande gani wa bikoni ya mpaka. Akiipiga silanga picha kwa simu, usingizi unapaa. Mbu walipungua kweli, na hilo nalo nikalishuku.

Siku moja, baada ya kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, nilienda kuoshea pampu silangani. Tulikuwa na mahali pa kuioshea, mbali na maji, na nilipajua vizuri. Asubuhi iliyofuata samaki walikuwa wanaelea, matumbo juu.

“Si nilisema hii maji haitaki samaki?” nikamwambia mke wangu.

Alisimama ukingoni, mkono tumboni.

“Mzee, jana ulinyweshea ng'ombe kwa bomba. Kwa nini, na silanga imejaa?”

Nikageuka kwenda zizini. Mfugaji anaweza kuwadanganya watu wote, lakini ng'ombe wake hatawanywesha sumu, na mke wangu ni binti wa mfugaji.

Mbu walirudi. Wiki chache baadaye homa ikampiga mke wangu, akalazwa siku tatu. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nimejaa aibu, nisijue nimwombe Mungu msamaha kwanza au mtoto. Mtoto akashikilia, mimba haikutoka.

Mke wangu aliporudi nyumbani, jirani alikuja kumjulia hali. Nilikuwa zizini, na sauti zao zikanifikia.

“Nilete zingine?” jirani aliuliza.

“Leta,” mke wangu akajibu. “Lakini ngoja siku ya mnada. Mzee hatakuwa hapa.”

Hakumweleza sababu. Siku ya mnada niliondoka mapema, ingawa sikuwa na mnyama wa kuuza.