Kuonja Matango

Mwezi uliopita nilirudi Nyamwaga kufungua madirisha ya nyumba ya mama mdogo. Ndugu zangu waliniachia kazi hiyo kwa sababu mimi niko karibu, hapa Nyamisangura mjini, na wao wako mbali. Nyumba ikikaa imefungwa tangu msiba, panya huanza kujiona wao ndio wenyeji. Nikafagia, nikaanika magodoro, na jua lilipokuwa kali nikateremka bondeni hadi kwenye kijito, pale palipokuwa na bustani. Siku hizi pana mikaratusi. Kijito chenyewe kimebaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Nikasimama pale, na utanicheka nikikuambia, mdomo ukanijaa mate kwa chakula kilichotoka mahali hapo zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka saba. Miaka miwili baadaye baba akaleta mke mwingine, mwanamke mwembamba kutoka Natta, ambaye alikuwa amefanya kazi katika jiko la kambi moja ya watalii kule karibu na hifadhi. Kazi yake huko ilikuwa kukata mboga tu, asubuhi mpaka jioni. Alikuja na sanduku moja, kisu kimoja na Kiswahili, kwa sababu Kikurya hakujua. Lugha ya kwao na ya kwetu zinafanana kidogo, na huko kufanana ndiko kulikowachekesha watu, maana kila alipojaribu alionekana kama mtoto anayejifunza kusema. Tuliambiwa tumwite mama mdogo. Wadogo zangu walimwita hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi sikumwita chochote. Nikitaka kumwambia jambo nilikwenda kusimama mbele yake mpaka anione.

Kwetu chakula kilikuwa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, na mboga iliyopikwa ikaiva kweli kweli. Mgagani ulichemshwa, ukamwagwa maji, ukachemshwa tena, halafu ukawekwa maziwa ukalala humo mpaka kesho yake. Nyama tulikula ilipopatikana. Kitu kibichi kwenye sahani hatukukijua, labda nyanya ukiwa njiani kutoka shamba. Kwa hiyo mama mdogo alipoweka bakuli lake la kwanza la kachumbari mbele ya bibi, bibi mzaa baba, yule mzee aliliangalia muda mrefu.

"Hii unapika saa ngapi?" akauliza.

"Imeshakuwa tayari, mama. Inaliwa hivyo."

"Mbuzi wangu nao wanakula hivyo. Lakini wao hawana moto."

Baba akacheka, kisha akaona uso wa mkewe, akajifanya anakohoa.

Ngoja nikueleze alivyokuwa akifanya, maana sijaona mwingine anayefanya vile. Ilikuwa ni kiangazi, jua la kupasua midomo, na ugali wa moto ulikuwa hautamaniki mchana. Alikuwa anakata kitunguu chembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Anakinyunyizia chumvi, anakifinya kwa mikono miwili, maji makali yanatoka na povu, anasuuza, anarudia. Baada ya hapo kitunguu hakikutoi machozi tena, kinabaki na utamu na kile kishindo cha meno. Nyanya alizikata mwisho kabisa, na chumvi ya nyanya hakuitia mpaka watu wamekaa, la sivyo bakuli zima lingegeuka mchuzi. Ndimu, pilipili moja, majani ya giligilani aliyoyapanda mwenyewe kwenye kopo. Siku nyingine alikwaruza karoti na kabichi, akachanganya na karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu. Siku nyingine kunde zilizochemshwa na kupoa, zikachanganywa na embe bichi. Parachichi aliliponda kwa uma na kitunguu, wadogo zangu wakalipaka kwenye kiazi. Bakuli alilifunika kwa kitambaa kilicholowa na kuliweka chini ya mtungi wa maji, penye ubaridi. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa nasikia na ndimu.

Mimi nilikuwa nakataa kula. Nilisema tumbo linauma. Bibi alikuwa ananisogezea mgagani wangu kimyakimya, na nilijua kwamba tuko upande mmoja.

Shida ilikuwa bustani. Ile bustani ya kijitoni ilikuwa ya mama yangu. Alipofariki, bibi aliishika, akapanda mahindi. Mama mdogo aliomba kulima pale, na bibi akamkubalia kwa kiangazi kimoja tu, ili aone. Kama hakuna cha maana kitakachotoka, ardhi itarudi kuwa mahindi. Basi mama mdogo akaingia kazini. Alipanda nyanya, vitunguu, karoti, na matango yetu ya kienyeji, yale mafupi manene yenye ngozi ya njano yakikomaa. Asubuhi na jioni alibeba ndoo. Wanawake waliopita njiani walikuwa wanamtania: "Wewe wa Wazungu, utawapelekea lini hayo majani yao?" Naye aliwajibu, "Nikimaliza kuwalisha nyinyi." Hakuwa mtu wa kununa.

Matango ya kienyeji, kama hukuwahi kuyala, yana tabia yake. Tango likikosa maji siku mbili tatu linakuwa chungu, na huwezi kulijua kwa macho. Unakata kichwa, unakisugua pale pale kwenye tango mpaka litoe povu, halafu mtu anaonja kipande. Likiwa tamu linaingia bakulini. Likiwa chungu unawapa ng'ombe. Mama mdogo alinipa mimi hiyo kazi ya kuonja. "Ulimi wangu umezoea pilipili," alisema, "hausikii vizuri. Onja wewe uniambie." Niliifanya, kwa sababu kuonja si kula. Nilikuwa nasema neno moja tu, tamu au chungu, na yeye aliniamini, akaweka au akatupa, na wala hakuwahi kuonja nyuma yangu. Nadhani aliona kwamba kwa njia hiyo angalau nitamwambia neno moja kwa siku.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, baba mkubwa na ndugu zake walikuja kujenga upya zizi la ng'ombe. Kazi ya siku nzima. Baba alichinja mbuzi, nyama ikachomwa, na bibi akasema mbele ya wote kwamba leo ataona hiyo bustani inalisha wanaume au inalisha sungura. Aliyasema akicheka, lakini hakuna aliyechukulia kuwa ni mzaha. Kulikuwa na mbegu ya mahindi tayari darini.

Mama mdogo alikata beseni zima. Bibi alikaa kwenye kizingiti cha jiko, miguu ameinyoosha juani, anatuangalia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya beseni. Mama mdogo akasugua tango la kwanza, akanipa kipande. Tamu. La pili, tamu. La tatu lilikuwa chungu kama dawa ya malaria, uchungu ule unaoshika koo na kubaki.

Nitasema kama ilivyokuwa. Sikupitiwa. Nilimfikiria mama yangu, nikafikiria mahindi, nikamwangalia bibi pale mlangoni. Nikameza.

"Tamu," nikasema.

Mkono wa mama mdogo ulisimama kidogo. Kisha akalikata lote, likaingia. La nne pia lilikuwa chungu, na la nne pia nikasema tamu.

Wanaume walinawa, wakakaa. Baba mkubwa alichukua nyama, akachota kachumbari, akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili akaacha. Alikuwa mtu mkubwa sana, na nikamwona anatafuta mahali pa kutema kwa heshima na hapaoni.

"Shemeji," akasema alipopata sauti, "umesikia sisi tuna minyoo?"

Wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Muache, huko kambini ndivyo wanavyowafukuza watalii wasiolipa." Wakasogeza beseni kando na kuendelea na nyama. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na njaa na walikuwa wanataniana. Lakini bibi hakucheka. Alimuuliza mama mdogo, kwa Kiswahili ili aelewe vizuri, "Hukuonja?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mama mdogo. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nakumbuka nilikikunja kikawa kidogo kabisa.

"Nilisahau, mama," mama mdogo akasema. "Nilikuwa na haraka. Kosa langu."

"Basi," bibi akasema.

Mvua zilipoanza, bustani ikawa mahindi. Ningependa kukuambia kwamba bibi alilainika siku ileile, au kwamba mimi nilikimbia nikasema ukweli. Hapana. Nililala usingizi mzuri, na kesho yake nikala mgagani.

Kilichonibadilisha kilikuwa maji ya vyombo. Mama mdogo hakugombana na mtu kuhusu ile ardhi. Alichimba mashimo nyuma ya jiko, mahali penye kokoto ambapo hata majani hayakuota, akayajaza mbolea ya ng'ombe na majivu, akapanda humo. Kila maji yaliyotumika nyumbani, ya kuosha vyombo, ya kunawa, ya kusuuza mboga, aliyabeba huko kwa kopo, shimo kwa shimo. Nilikuwa namwona kutoka dirishani. Mgongo wake ulikuwa mwembamba sana. Siku moja, bila kuambiwa, nilichukua beseni la maji ya kunawia nikampelekea. Akalipokea akasema, "Hilo mwagia matango, ndiyo yanayolalamika kwanza." Basi. Kesho yake nikapeleka tena.

Kiangazi kilichofuata ndicho ninachokiona nikifumba macho. Tulikuwa na mashimo kumi na moja. Nyanya zilining'inia ukutani mwa jiko, zina joto la udongo ukizishika. Tulikata mboga tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha paa, miguu yetu imegusana, redio ya jirani inasikika ng'ambo ya ua, kuku wanasubiri maganda. Alinifundisha kufinya kitunguu. Alinifundisha kwamba ndimu inabiringishwa kwanza chini ya kiganja. Nilionja kila tango, na likiwa chungu nilipiga kelele "chungu" mpaka anacheka, maana nilikuwa nalisema kama mtu anayetoa ushahidi barazani. Nilianza kula. Nilikula mpaka nikawa napangusa bakuli kwa kidole. Siku gani nilimwita mama, sikumbuki, na hilo linanifurahisha, kwa sababu maana yake lilitoka lenyewe.

Bibi naye alianza kupita nyuma ya jiko, ati anatafuta kuku wake. Siku moja alichuma nyanya, akaipangusa kwenye kanga, akaila amesimama. Akachuma nyingine. Akasema kwa Kikurya, akimwangalia kuku, kwamba mahindi ya kule chini yamekuwa mabovu mwaka huu, na mtu mwenye mikono angeweza kuichukua ile ardhi. Mama mdogo wakati huo alishakijua Kikurya cha kutosha. Akajibu, "Asante, mama," kana kwamba ameongezewa chai.

Bustani ile ilitusomesha. Iliwalisha hata wale baba wakubwa, ambao walikuwa wakija wanauliza kwanza kama kuna "yale majani". Lakini mimi ile siku ya zizi sikuitaja. Niliolewa nikiwa sijaitaja. Nilizaa, nikajenga, nikawa mtu mzima, na kila nilipokwenda Nyamwaga alikuwa ananikatia kachumbari, nami nilikuwa nakula nikisema moyoni, leo nitamwambia, halafu basi lilikuwa linapita na naondoka.

Nilimwambia mwaka jana, akiwa kitandani, miguu imemvimba. Nilikuwa nimemtengenezea parachichi la kuponda, kitu pekee kilichokuwa kinapita. Nikamwambia, mama, yale matango ya siku ya zizi, nilijua ni machungu.

Akatafuna polepole, akameza.

"Nilikuona," akasema. "Uso wako ulikunjika wote. Hukuwahi kujua kuficha."

"Na ukayakata?"

"Bibi yako alikuwa mlangoni. Ningesema hapana, haya ni machungu, angekuuliza kwa nini umesema tamu. Angekuchapa. Nikaona, huyu mtoto akichapwa kwa ajili yangu, basi tena." Akapumzika kidogo. "Halafu nilidhani kwenye ndimu yatapotea. Hayakupotea kabisa." Akaanza kucheka kile kicheko chake kidogo, mpaka nikamshika asipaliwe. "Ulivyomwona shemeji. Kidogo ateme kwenye kofia yake."

Tulicheka wote wawili. Kisha akasema parachichi limepungua chumvi, nikaenda kuleta.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Nimekuwa nikilia kidogo kidogo, si sana, alikuwa amechoka na alikwenda kwa utulivu. Sokoni siku hizi kuna matango marefu ya kijani, yanatoka mbali, yote ladha moja, hayahitaji kusuguliwa wala kuonjwa. Wanangu wanayakata haraka wakiwa wamesimama, na yanafaa. Sina ugomvi nayo. Mbegu za yale ya kwetu nimeuliza mpaka Mugumu, hakuna anayezo. Bibi hayupo, baba hayupo, baba mkubwa hayupo. Hao wote nimezoea kutokuwepo kwao. Lakini alikuwepo mtu mmoja aliyeniona nikiwa mbaya, akanyamaza miaka yote hiyo, akaendelea kunikatia chakula. Wengine wote walionizunguka wananijua kwa yale niliyowaonyesha mwenyewe.