Wadudu Weupe Kwenye Maji ya Chura

Hapana, zile wadudu haziumi. Nasema mapema kwa sababu kila mtu akisikia hii habari anaanza kujikuna. Ona, wewe mkono yako imeshafika shingoni.

Zilikuwa nyeupe, ndogo kama unga ya muhogo, juu ya maji ya chura yangu. Ukipuliza zinaruka. Ndiyo, chura. Nilifuga chura nyumbani, mtaa ya Kisugu, kwenye beseni ya kioo, na akili yangu ilikuwa sawa. Bwana yangu alikuwa anatunza vyura kwenye maabara ya hospitali kubwa. Siku zile mwanamke akitaka kujua kama ana mimba, wanachukua mkojo yake, wanampiga nayo chura sindano. Chura akitaga mayai, hongera. Hata mimba yangu ilijulikana hivyo. Jioni bwana akaja na chura mwenyewe ndani ya koti.

"Huyu ametaga kwa ajili yetu. Harudi kupigwa sindano ya watu wengine."

Alikuwa anaongea kwa pua. Mpaka leo nikitaka kumsikia nabana pua yangu, hivi, nasema maneno yake peke yangu jikoni. Wajukuu wanacheka. Wacheke tu.

Halafu asubuhi moja watu wawili wa usalama, wenye viatu ya kung'aa, wakamuita kwenye gari. Akageuka mlangoni: "Mbadilishie maji. Nikirudi nimkute mzima."

Basi mimi nikashika hiyo. Nikasema moyoni, chura akiishi, bwana yuko njiani. Nikazaa, nikabadilisha maji. Sukari hakuna, sabuni hakuna, mimi niko bondeni na mtoto mgongoni nachimba minyoo. Mama mwenye nyumba, Muganda, mdomo kama filimbi, ananiita nyabo, yaani mama: "Nyabo! Watu natafuta chumvi, wewe natafutia chula chakula!"

Sasa zile nyeupe zikatokea. Yeye akaruka nyuma: "Nyabo, hiyo ni ya kuloga! Mwaga maji ya moto!" Jirani yangu Mkongo, muuza vitenge, sauti nzito kama ngoma: "Mama weee! Tosha ile kitu inje ya nyumba, tuweke petroli!"

Petroli! Watamuua, na bwana akirudi nitamuonyesha nini? Nikajitwika beseni, nikaenda kwa miguu mpaka mtaa ya Kyebando, maji inanimwagikia shingoni, kwa mzee aliyekuwa mkubwa wa bwana kule maabara. Mzee wa kukohoa kila neno. Akatoa kioo yake ya kukuzia, akainama, akakaa hapo mpaka mtoto akaanza kulia.

"Hizi... khoh... zimekuja na majani ya bondeni. Zinakula uozo tu. Hazina kosa, mama. Hazimgusi."

"Hafi?"

"Hafi."

Nikapiga vigelegele pale uani kwa watu! Nikacheza na mtoto mgongoni, nikamshika mzee mkono, nikamwambia asante sana ssebo, bwana mkubwa, kwa hiyo bwana akirudi atamkuta mzima, atacheka sana huyu, atasema nilikuwa naogopa unga!

Mzee hakucheka. Akafuta kioo yake na shati, polepole, na mara hii hakukohoa hata kidogo.

"Mama, chura ni mzima. Bwana yako nilimuona mochwari wiki ile ile waliyomchukua."