Paka wangu, pampu ya pumu na kitenge cha Bibi Anastazia

Leo jirani amenikamata nikimziba paka pumzi.

Ndivyo alivyoona yeye.

Paka wangu Bosi ana pumu. Daktari wa mifugo alinipa pampu na kibarakoa: bonyeza, shikilia usoni, avute pumzi kumi. Siku ya tatu hii ananishinda. Mikono yangu ni shahidi.

Leo kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Nikaapa haponyoki, nikambana chini na kibarakoa usoni.

Jirani yangu, Bibi Anastazia, akatokea uani na ungo wa maharage.

“Wewe! Umekosa panya wa kuua?”

“Shikamoo bibi. Nampa dawa.”

“Marahaba. Dawa gani ya kupigana mieleka? Mlete.”

Akamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, kucha zote ndani, akaendelea kupepeta maharage yake.

Bosi katulia! Yule yule!

Nikanyata kwa nyuma, nikambandika kibarakoa. Moja, mbili… kumi. Filimbi ikapungua.

“Asante bibi. Jioni tena?”

“Jioni utambeba mwenyewe. Huna mgongo?”

Haya. Ndugu zangu wa Rulenge, jioni mkiona mwanaume anapepeta maharage na paka mgongoni, chekeni taratibu.

Mgonjwa anavuta dawa.